Redio Ilisema Tumetoka Wote

Nilikuwa chini ya mifuko ya simenti, nimeshika mkono wa mdogo wangu, niliposikia redio ya mlinzi, habari za mchana, ikisema makuli wote wametoka salama. Waliokuwa wanatuchimba wakaacha. Mmoja akasema, "Si mumesikia? Wote wametoka. Twende tukakule." Nikasikia kandambili zao zikienda. Nilipiga kelele, vumbi likanijaa koo. Mdogo wangu akanifinya vidole, akacheka kidogo.

"Kaka, kumbe tumeshatoka."

Asubuhi ile bandarini tulikuwa tunapakua boti ya kutoka Kigoma. Shefu wa ghala, msimamizi wetu, alitaka mifuko ipande juu zaidi, boti nyingine ipate nafasi. Mdogo wangu akamwambia, "Shefu, hii mifuko inayumba."

"We ni injinia? Beba!"

Ikatuangukia.

Pale kwetu habari za mchana zikianza, kazi inasimama. Mutu akikohoa anazomewa. Tuliizoea ile sauti ya mtangazaji mpaka tukaiamini kuliko masikio yetu. Mtangazaji hakufika hata getini. Alimpigia shefu simu, shefu akasema wote wazima, yeye akasoma. Mlinzi ndiye aliyeniambia, maana shefu aliongea mbele yake.

Jioni mke wangu alikuja kututafuta, akaita, nikamjibu. Ndipo wakachimba tena. Ule mkono ulikuwa umeshapoa.

Nilimfuata mtangazaji asahihishe. Akanambia, "Muzee, hiyo imeshapita. Watu wamechoka na huzuni." Hapa mtaani Jabe majirani wakanipa pole siku za msiba, kisha wakaongeza sauti ya mpira redioni. Leo nikianza kusimulia, mutu anakumbuka ameacha sufuria motoni. Mi redio sitaki ndani. Mke wangu amerudi kwao, alisema nyumba imekuwa kaburi. Mchana nakula peke yangu, na redio za majirani zote zinapenya ukuta wangu.

Sasa we shefu, ulimuona wapi mdogo wangu akiwa mzima? We mtangazaji, ulimuuliza nani zaidi ya huyo? Na nyie mulioenda kula, munaopita mlangoni kwangu munaangalia pembeni, mulishiba?

Sitaki pole. Nataka mmoja wenu aseme kwenye redio ile ile, habari za mchana, kila mutu akiwa amenyamaza: yule hakutoka, na sisi ndio tuliomuacha. Nani anaanza?