Saladi ya Moto ya Mume Wangu

Mume wangu aliwapikia watalii miaka mingi katika hoteli moja Mombasa, lakini nyumbani kwetu Makindu hakuwahi kushika mwiko. Akija likizo alikaa akangoja chakula kama mgeni. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukafa, tukamleta nyumbani moja kwa moja. Akaacha kula. Hata muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe alioupenda tangu utotoni, aliusukuma kando.

Siku moja mchana akaniambia kwa ule ulimi wake mzito, "Nataka saladi ya moto. Ile ya Wafaransa."

Nilikasirika. Miaka yote hiyo aliwapikia wageni hotelini, mimi sikuwahi hata kuionja. Hata hivyo nilienda madukani kwenye barabara kuu, nikapata bekoni, siki, haradali ya chupa na letusi iliyoanza kunyauka. Niliporudi nikamketisha mlangoni pa jikoni.

"Kata nyama vipande vidogo. Usitie mafuta, itatoa yake." Nikakaanga. "Sasa mwagia siki hapo hapo. Na haradali kidogo." Mvuke wa siki ukanipanda puani, nikakohoa hadi machozi.

Yai ndilo lililotushinda. Alitaka nilipasulie ndani ya maji ya moto, liive bila ganda, kiini kibaki laini. La kwanza likatawanyika. La pili vilevile.

"Zungusha maji kwanza! Mara ngapi nikwambie?" Akataka kuinua mkono wa kulia anionyeshe. Haukuinuka. Akabaki akiutazama pale pajani.

"Ungenifundisha ulipokuwa mzima," nikasema, na papo hapo nikajuta.

Akaufunika ule mkono kwa wa kushoto. "Niliona aibu, mama. Wanaume wenzangu wangenicheka, eti napika kwangu."

Nikazungusha maji. Yai la tatu likashikana, baya, lenye mikia. Nikamwagia letusi ile siki na mafuta ya bekoni yakiwa bado moto, majani yakalegea, nikaweka yai juu.

Alikula kwa mkono wa kushoto, kiini kikimchuruzika kidevuni. Nilipotaka kumfuta, akageuza uso. Alimaliza nusu.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nusu iliyobaki niliila nikiwa nimesimama. Ilikuwa tamu.

Kesho yake nikamuuliza kama niipike tena. Akatikisa kichwa kukataa. Hajaniomba tena, nami naogopa kumuuliza sababu.