Moshi wa Kantini

Kengele ya shule ile ilikuwa rimu ya gurudumu la kamyo, yaani lori, imening'inizwa kwenye boriti ya darasa la kwanza. Mlinzi aliigonga kwa nondo kila asubuhi mpaka masikio yakauma, na watoto wa mtaa wakaisikia vizuri kabisa, wasitikisike. Walichokuwa wakingoja ni moshi.

Shule iko chini, karibu na pale mto Lukuga unapoliacha ziwa, na nyumba nyingi ziko juu kwenye mteremko. Ukisimama mlangoni unaona mabati ya shule, bendera, na nyuma ya bendera kibanda cha jikoni. Moshi ukipanda pale, mtoto alitua dumu la maji, akachukua sahani yake, akashuka kwenda kusoma. Usipopanda, alikuwa na kazi nyingine za kufanya. Wapo watakaosema huko si kupenda elimu. Na waseme, hao wameshakunywa chai.

Aliyeuwasha moto huo alikuwa Mama Philomène. Alizaliwa Kirungu, kwenye baridi na mashamba ya maharagwe, akaletwa hapa Kalemie na ndoa. Mumewe, Papa Léon, alikuwa mtu wa reli mpaka miguu ilipomkataa, na sasa alishinda barazani akisikiliza redio na kubishana nayo. Watoto wao walikuwa wamekua na kutawanyika, mmoja Kabalo, wengine mbali zaidi. Siku kamati ya wazazi ilipotafuta mpishi wa kantini, wanawake wengi walitazama pembeni, maana kazi yenyewe ilikuwa nzito na shukrani yake nyepesi. Yeye alikubali. Ukimwuliza kwa nini, alikwambia alikuwa amechoka kupikia watu wawili.

Akapata uchovu mwingine. Maharagwe hayana haraka, na kuni mbichi humlipiza mpishi kisasi machoni. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, na magoti yalilia kila alipoinuka kutoka kwenye mafiga. Unga, maharagwe na mafuta vililetwa na kamyo ya shirika moja. Wazazi waliongeza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na bustani ya shule ikatoa majani ya lengalenga. Mwanzoni watoto waliyachambua majani hayo na kuyapanga ukingoni mwa sahani. Mama Philomène hakuwahubiria habari za vitamini. Aliyakatakata mpaka yakawa hayachambuliki, akayazamisha ndani ya maharagwe, na baada ya muda wale wale wakawa wananung'unika siku ambayo hayamo.

Mwalimu Djo, kijana wa jimu, yale mazoezi ya viungo, alikuwa na sheria yake: kwanza kukimbia, kisha kula. Shibe mwana malevya, alisema, na mtoto aliyekwisha kushiba haruki. Watoto hawakuona taabu. Mtu anayejua kwamba maharagwe yake yanachemka hukimbia kwa moyo. Waliruka kamba, wakafukuzana, wakagombea mpira wa matambara, wakaanguka na kucheka, na Mama Philomène aliuacha mwiko akawatazama. Hapo tu ndipo alipoona maumivu ya magoti yake yana faida. Aliwapenda wale watoto. Na lisemwe hapa, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisema.

Halafu kamyo ikaacha kuja. Huyu alisema barabara imekatika kwa mvua, yule alisema wafadhili wamechoka, na mwisho kila mtu aliamini lile lililomuumiza kidogo. Stoo ikabaki na magunia matupu na panya waliokonda. Mama Philomène alipika kilichokuwepo mpaka kikaisha, kisha akafagia majivu na kurudi nyumbani.

Watoto nao wakapungua. Wakubwa walikwenda ufukweni kuvuta kamba za nyavu, wakalipwa ndagala kiganja kimoja. Wengine walichota maji ya watu. Waliobaki walikuja jimu kwa adabu tu. Methali ya mwalimu Djo ina nusu yake ya pili, njaa mwana malegeza, na sasa aliiona kwa macho yake: mtoto anaanza kukimbia, anafika katikati ya uwanja, anaketi. Baada ya siku chache aliacha kuwakimbiza. Aliwaweka kivulini akawafundisha majina ya mazoezi kwa mdomo.

Mambo yalikuwa hivyo Direkta Gauthier, mkuu wa shule, alipomfuata Mama Philomène nyumbani kwake. Gauthier hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama wao, ila uchovu wake ulivaa tai. Alikataa kiti, akasema akiwa amesimama.

"Mama, siku ya Alhamisi bageni ba jimbo banakuya. Banaangalia shule zenye kulisha batoto muzuri na kubafanyisha jimu. Shule yenye kuwa na batoto bengi, bataiandika ku chakula. Yenye haina batoto, bataipita."

"Na chakula ya kupika siku ile iko wapi, Papa Direkta?"

"Haiko. Wewe washa tu moto."

"Na ndani ya sufuria?"

"Utatia maji. Batoto bakiona moshi, batakuya. Kisha tutaona."

"Tutaona" ni neno la watu waliokwisha kuona. Mama Philomène alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaketi karibu na mumewe, aliyekuwa ameyasikia yote, na Papa Léon akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Moshi haisemi kitu," Papa Léon alisema. "Hutasema uongo hata moja."

"Ule moshi, batoto banausoma kuliko ubao."

"Basi usiwashe."

"Na kama kamyo haitakuya, kwa sababu ya mimi?"

Papa Léon akairudisha sauti ya redio pale ilipokuwa.

Alhamisi aliwasha. Alipuliza makaa huku akijiambia kwamba ni kwa ajili yao, na pengine ilikuwa kweli. Alijaza maji sufuria kubwa, akaifunika, akageukia ukutani. Hakutaka kutazama mlimani. Hakuhitaji kutazama, aliwasikia. Kwanza milango, kisha sahani zikigongana, kisha miguu mingi ikishuka mbio.

Wa kwanza kufika alikuwa Laure, msichana mwembamba wa darasa la nne, kiranja wa kujichagua mwenyewe. Alikuwa ametoka ufukweni, nguo imelowa mpaka magotini. Alikuwa ameiacha kamba ya wavu, na kwenye kamba ukiiacha nafasi yako, mwingine anaishika. Siku zote alipofika jikoni alimshika Mama Philomène mkono kwanza, ndipo akauliza.

"Jambo, Mama. Leo iko maharagi?"

"Wende kwanza ku jimu," Mama Philomène alimjibu.

Huo ndio uongo wote aliousema kwa mdomo wake. Laure akaenda.

Wageni wa jimbo wakafika, watu safi, wapole, wenye haraka. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwalimu Djo, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, aliuona moshi kama watoto walivyouona, akafurahi, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Na watoto wakampa jimu ambayo shule ile haijapata kuiona. Waliruka, wakainama, wakapokezana mbio kutoka goli mpaka goli, hakuna aliyeketi. Walikimbia kwa nguvu za chakula wasichokula bado. Wageni walipiga makofi. Mama mmoja kati yao akawafungulia picha za papai, yai, samaki na maziwa, akawaambia wale matunda kila siku na wanawe mikono, nao wakaitikia "ndiyo" kwa sauti moja, wakizitazama zile picha sana. Kisha wageni walipita jikoni, wakauona mvuke ukitoka chini ya mfuniko, wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Direkta akawaongoza upande wa bustani.

Gari lao lilipoondoka, Direkta aliingia ofisini na kufunga mlango. Watoto walikuwa wameshapanga foleni, jasho likiwatiririka, sahani kifuani.

Mama Philomène aliushika upawa. Alifikiri kusema kwamba maharagwe yameungua. Alifikiri kusema warudi kesho. Kisha akafunua sufuria.

"Ni maji, batoto bangu," alisema. "Hakuna kitu. Ni maji tu."

Hakuna aliyelia, na afadhali wangelia. Wakubwa walichungulia wakaondoka. Mdogo mmoja wa darasa la kwanza, ambaye hakuelewa au hakutaka kuelewa, aliendelea kunyoosha sahani yake, na Mama Philomène, kwa kukosa la kufanya, akamtilia maji yale ya moto. Mtoto akayapuliza, akayanywa. Akasema asante. Laure alikuwa amesimama pembeni akiyaona yote hayo. Aligeuka akashuka ufukweni, ingawa alijua kamba yake tayari ilikuwa mikononi mwa mtu.

Mwalimu Djo alikaa chini kwenye kizingiti cha jikoni.

"Mimi njo nilibakimbiza," alisema. "Ungeniambia, Mama."

Mama Philomène alimwaga maji, akazima moto, akaenda nyumbani akalala mchana, kitu ambacho hakukifanya hata alipokuwa na mimba.

Na kamyo ikaja. Hapo ndipo mtu anakosa hata pa kuelekeza hasira. Mwezi haukuisha, kamyo ikaingia uwanjani na unga, na maharagwe, na mafuta, na mipira miwili ya kweli ndani ya wavu. Direkta Gauthier alimshika Mama Philomène mikono yote miwili.

"Unaona, Mama? Ule moshi wetu njo umeleta kamyo."

Yeye alisema "Namshukuru Mungu", na alimaanisha. Akaloweka maharagwe, akakata lengalenga akiimba kidogo, akaomba ndagala kwa mama mmoja wa kamati. Asubuhi aliwasha kuni kavu, na moshi ukapanda mzuri, umesimama wima juu ya mabati. Akatazama mlimani. Mara hii alitaka kutazama.

Hakushuka mtu.

Mlinzi aligonga rimu. Mwalimu Djo alipuliza filimbi kwa wale wachache waliokuwepo, na mipira mipya ikagongagonga uwanja mtupu. Maharagwe yakaiva, mchuzi ukaanza kuganda juu. Direkta alisema watakuja tu, watoto ni watoto. Mama Philomène alisubiri, mpaka akaelewa kwamba wameuona moshi kama siku zote, na kwamba wameusoma sawasawa, kama yeye alivyowafundisha.

Akajaza bakuli, akalifunga kwa kitambaa, akamwachia Djo mwiko. Alishuka njia ya ufukweni taratibu, magoti yakimuuma kwenye kila jiwe. Watoto walikuwa kwenye kamba, mstari mzima, wameegemea nyuma wakivuta. Walimwona tangu mbali. Hakuna aliyemkimbilia.

"Kuyeni, batoto. Chakula iko."

Waliendelea kuvuta.

"Moshi ilikuwa hata siku ile," mmoja alisema, bila hasira, akitazama maji.

Mama Philomène alikuwa na maneno, aliyoyapanga njiani, kuhusu wageni na Direkta na kamyo. Aliyaacha. Alipiga magoti mchangani, akafungua kitambaa, akaliweka bakuli chini, akaketi nyuma yake na kungoja. Laure ndiye aliyetoka kwenye mstari. Hakumshika mkono. Aliinama juu ya bakuli, akachovya kidole, akakilamba, akachota harage moja akalitafuna polepole mpaka likaisha. Ndipo akawageukia wenzake.

"Ni ya kweli."

Kamba ikaanguka, wenye wavu wakapiga kelele, na watoto wakampita Mama Philomène pande zote mbili wakipanda mbio kwenda shuleni. Yeye alibaki akitafuta namna ya kuinuka.

Siku hizi kantini inapika. Uwanja umejaa, mipira tayari imetobolewa na kushonwa, na mwalimu Djo amerudisha sheria yake ya kwanza kukimbia, kisha kula. Lakini watoto hawashuki tena kwa moshi. Moto ukiwaka, wanakaa milangoni na sahani zao, na Laure anatangulia peke yake mpaka jikoni. Mama Philomène akimwona anakuja, hangoji kuombwa. Anaondoa mfuniko, anasogea pembeni mikono ikiwa nyuma, ili mtoto aangalie vizuri mpaka chini. Laure anaangalia. Kisha anasalimu, kwa adabu zote, na kwenda kuwaita wengine.