Patalo ya Paluku na Waroma wa Butembo

Namshukuru Mungu aliyenipa magoti ya kumpigia, hata leo yanapolia kama mlango wa zamani, na akanibakizia mambo ya kuchekea.

Enzi zetu, sisi tuliosoma shule ya misheni Butembo, kila mvulana alivaa kapitula fupi ya kaki. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka madirishani, mapaja yakawa na vipele kama kuku aliyenyonyolewa, na mfukoni tulibeba kiazi kitamu cha moto: kwanza kupashia mikono joto, halafu kukila. Hakuna aliyelalamika.

Ndipo akaja Paluku kutoka Masereka, kwenye milima yenye baridi kuliko kwetu. Alivaa suruali ndefu, patalo tunavyosema, ambayo mama yake aliishona kutoka blanketi la kijivu. Mstari mwekundu wa blanketi ulimzunguka magotini. Alipewa nafasi kwenye dawati langu.

Juma lile lile Mwalimu alikuwa akitufundisha juu ya Waroma wa kale na mataifa waliyoyaita barbari: Wagalia, Wagoti, Wavandali. Alisema Waroma waliwacheka watu hao kwa kunywa pombe ya nafaka badala ya divai, kwa kujipaka siagi kichwani na, ajabu kuliko yote, kwa kuvaa suruali.

Darasa zima liligeuka kumtazama Paluku.

Tangu hapo jina lake likawa Barbari. Waroma wa kapitula walimfukuza mpaka nyuma ya jiko la masista, wakitaka kunusa siagi kwenye nywele zake. Mama yangu aliposikia, aliniuliza huku akisonga ugali, “Ninyi mulibatizwa, ao mulinyeshewa tu na mvua?”

Alhamisi Paluku aliniambia, bila kulia, kwamba akiitwa hivyo tena kesho atarudi kwao kuchunga mbuzi, na vitabu vyake nibaki navyo. Nilijua hatanii.

Ijumaa Salumu, mtoto wa msafirishaji mmoja Mwislamu wa Beni, alikuja na kanzu nyeupe, maana Padri alimruhusu kutoka darasani moja kwa moja kwenda msikitini. Somo likaanza, na mtu nyuma yetu akanong’ona lile jina. Paluku akaanza kukusanya vitu vyake.

Salumu akainua kidole. Akauliza Waroma wenyewe walivaa nini. Mwalimu akajibu kwamba wakubwa wao walivaa nguo ndefu nyeupe, karibu kama kanzu. Salumu akajitazama, kisha akamtazama Mwalimu kuanzia kiunoni mpaka viatuni.

“Donc, kumbe humu Muroma ni Padri, na miye siku ya Ijumaa. Weye Mwalimu, hapana.”

Tukangoja fimbo. Mwalimu aliitazama suruali yake iliyopigwa pasi vizuri, akaweka chaki mezani, akaja mpaka dawati letu.

“Paluku, sogea. Siye ba patalo tukae pamoja.”

Alifundisha saa nzima akiwa amekaa pale, nami nusu ya makalio yangu ikining’inia hewani. Jumatatu nusu ya wavulana walikuja na suruali za baba zao, zimefungwa kamba ya mkonge kiunoni, na katekista mmoja alisimama mlangoni amejifunga kitenge cha mke wake, akiomba kwa upole arudishiwe yake.

Leo wajukuu zangu wa mtaa wa Kimemi wananunua patalo iliyokwisha kupasuka magotini, halafu wananiambia Butembo kuna baridi. Wanacheka watu pia, lakini kwenye simu, bila kuona uso wa anayechekwa. Humo sisikii sana kwamba kuna Salumu wa kuinua kidole. Sisi tulichekana uso kwa uso, na uso kwa uso tukapatana.

Paluku hakurudi kwa mbuzi. Ni padri sasa, mzee kama mimi, huko huko Masereka. Majuzi nilihudhuria Misa yake. Alipoinua mikono, kanzu yake nyeupe ilipanda kidogo, na chini yake nikaona suruali nzito ya kijivu. Nikacheka mbele ya altare, na naamini Mungu hakushangaa.

Wewe uliyesoma, Bwana akufunike wakati wa baridi, akulinde kwenye barabara ya Beni, na siku utakayochekwa, akuletee mtu wa kukuambia usogee, akae nawe.