Mama Kaza na Pikipiki ya Baba

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, hufunga pikipiki kwenye trela. Ndiyo kazi yake, na amekuwa akiifanya tangu kabla sijaoa kwao. Pikipiki mpya zikitoka ghalani kwenda madukani, au kuukuu zikihamishwa na wenyewe, yeye ndiye huzipandisha, akazifunga, kisha akamkabidhi dereva. Dereva mwenyewe ni mimi. Pale uwanjani tunapopakia wanamwita Mama Kaza, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Simvishi kilemba cha ukoka, na angekuwa hapa angenirarua kwa kujaribu. Nasema tu kwamba katika safari zote nilizovuta trela alilolifunga yeye, sijawahi kushusha pikipiki iliyolala.

Si kwamba haniudhi. Mimi ni mtu wa kuwasha gari na kuondoka. Yeye kwanza ataliingiza tairi la mbele kwenye kishikio chake cha chuma, akunje stendi, kisha apitishe mikanda chini ya usukani, pale chuma kinaposhikana na shokapu. Atavuta kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka shokapu zizame nusu. Nusu tu. Zikiachwa zimesimama, shimo la kwanza barabarani litazibonyeza na mikanda italegea. Zikizamishwa mpaka mwisho, zitaanza kuvuja mafuta. Mkanda unapogusa rangi huweka kitambaa laini. Ncha inayobaki huikunja bapa na kuichomeka chini ya mkanda wenyewe, hapigi fundo hata siku moja. Akimaliza yote hayo, mama mtu mzima hupanda juu ya pikipiki palepale kwenye trela na kujitikisa, kama anayejaribu kitanda dukani.

"Shemeji, ukimaliza kulala utuambie tuondoke," mimi humwambia.

"Wewe kazi yako usukani. Ikianguka utasingizia barabara."

Na hata hapo hatujamaliza. Tukishatoka getini na kwenda kidogo tu, lazima nisimame. Mikanda hujinyoosha, pikipiki hujikalisha vizuri, kwa hiyo yeye hushuka na kuugusa kila mkanda kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine. Nimelalamika kuhusu kituo hicho mpaka nimechoka. Najibiwa kwa mgongo.

Sasa, baba yao alikuwa akitibu mifugo. Maisha yake yote aliyamaliza juu ya pikipiki moja, sanduku la dawa nyuma, akienda zizi hadi zizi. Tangu mguu ulipokakamaa hakuendesha tena, lakini kila asubuhi aliifuta vumbi na kuingurumisha kidogo palepale uani. Aliishi peke yake. Siku moja akateleza bafuni, akalala juu ya sakafu ile yenye maji bila mtu kujua, mpaka jirani alipoona mlango haujafunguliwa akaja kugonga. Shemeji alipomkuta hospitali alilia wazi mbele ya manesi, yeye ambaye uwanjani anaogopwa na wabeba mizigo.

Akamtayarishia chumba kando ya chake. Mzee akakataa katakata. Wakabembelezana wiki baada ya wiki, mke wangu naye akaingilia, wapi. Mwishowe akakubali, kwa sharti.

"Pikipiki inakuja na mimi," alisema. "Ikifika kama ilivyoondoka, nitakaa. Ikianguka njiani, mnanirudisha kwangu siku hiyohiyo, na asinibembeleze mtu tena."

Tulimjua. Yule mzee akitamka neno, ndilo hilo. Ikianguka, angerudi kwenye bafu lile.

Siku ya kuhama, shemeji aliifunga pikipiki ya baba yake bila kutaka mkono wa mtu. Tangi limebonyea pale goti lilipozoea kukaa, kiti kimeshonwa na kushonwa tena. Nilimwona akiufungua mkanda uleule na kuufunga upya, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake, na mara moja alisimama tu akiwa ameshika ndoano. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni nikaumeza. Mzee alikuwa kwenye kiti mlangoni akitazama kila kitu.

Tukaingia ndani kuchukua mabegi ya mwisho na kufunga madirisha. Tulipotoka, mzee amesimama kando ya trela na fimbo yake. Tukadhani anaiaga nyumba. Nikampandisha mbele kando yangu, shemeji akakaa nyuma, tukaondoka.

Barabara ya kule ni mashimo matupu, jua lilikuwa kali, na mzee alishaanza kufumba macho.

"Leo tusisimame, shemeji," nilisema. "Mzee amechoka."

"Simama."

Nikaegesha mbele ya duka lililofungwa, nikisonya. Akashuka. Nikangoja nisikie mlango ukifungwa, sikusikia kitu, nikamfuata nyuma. Alikuwa ameduwaa, kiganja juu ya mkanda. Mikanda yote miwili ya mbele ilikuwa imelegea, shokapu zimesimama wima, na pikipiki imeanza kuegemea upande. Shimo moja zaidi ingelala. Na ncha za mikanda, badala ya kukunjwa bapa, zilikuwa zimefungwa fundo.

"Ni mshenzi gani huyu—" nilianza kufoka. Shemeji akanishika mkono.

"Hilo fundo la ndama," alisema kwa sauti ya chini. "La kufungua kwa mvuto mmoja. Alinifundisha yeye nikiwa mdogo."

Mzee alikuwa ameshateremsha kioo. Hakugeuka, alitazama mbele.

"Nimelegeza kidogo," alisema. "Mliibana mno. Hata ndama wa kuchomwa sindano sikumbana hivyo. Imenibeba umri wangu wote, leo ifungwe kama mwizi?"

Damu ilinipanda. Alituwekea sharti mwenyewe, kisha akalilegeza kwa mkono wake! Nikamwangalia shemeji nikijua kitakachofuata, maana nimemwona akimfukuza mwanaume mzima uwanjani kwa kugusa mkanda mmoja tu. Alifuta jasho, akaenda kufungua mlango wa mzee.

"Baba, njoo unisaidie kazi," alisema. "Shokapu hizi zimezeeka, zinataka mtu akae juu ndipo nifunge sawasawa. Shemeji ni mwepesi, hatoshi."

Mimi, na tumbo langu hili! Nilifungua kinywa, akanitupia jicho, nikakifunga.

Tukampandisha kwenye trela taratibu. Mguu mbovu niliuvusha mimi mwenyewe juu ya kiti, nimeshika kiatu. Akakaa. Mikono ikaenda yenyewe kwenye usukani, mgongo ukanyooka, na ule uso uliokuwa umejikunja tangu hospitali ukafunguka. Shokapu zikashuka chini yake kidogo kidogo. Macho yaliniuma, na sitasema ni vumbi.

Shemeji alipiga magoti, akafungua mafundo yale kwa mvuto mmoja mmoja, akaanza kuvuta. Kidogo upande huu, kidogo upande ule.

"Unaona ilivyokaa, baba?" alisema bila kuinua kichwa. "Hivi ndivyo ilivyokuwa ikikaa siku zote ukiwa juu yake. Mimi siibani. Nataka tu ifike ikidhani bado umeikalia."

Mzee alijitikisa kulia, akajitikisa kushoto, vilevile kama afanyavyo binti yake, na ndipo nilipojua ameitoa wapi tabia ile. Pikipiki haikucheza. Akageuza shingo akaitazama barabara tuliyotokea, muda mrefu, mpaka shemeji naye akasimamisha mikono na kumwangalia.

"Inatosha, baba?" aliuliza. "Au nilegeze?"

Mzee akalipigapiga tangi pale lilipobonyea.

"Kaza, mwanangu," alisema. "Kule sirudi tena."

Akakaza. Safari ile sikumharakisha.