Harusi ya Elwak Niliyoicheza Dukani

Kuna wanawake hapa Garissa mpaka leo wakiniona sokoni wananiuliza, "Mama wa bibi harusi, Elwak hawajambo?" halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi nacheka nao kwa sababu nifanye nini, lakini moyoni nayajua majina ya walionifikisha hapo na leo nayataja yote, nimeshafika umri wa kutoogopa mtu. Wa kwanza ni Bishar, mtoto wa dada yangu. Wa pili ni kijana wa Nairobi anaitwa Kevo. Wa tatu (nisijifiche) ni mimi mwenyewe, Dahabo, na huu mdomo wangu.

Maisha hayajawahi kuniheshimu sana. Ukame ulinimalizia mbuzi, kibanda changu cha chai kikabomolewa barabara ilipopanuliwa, na Farah, baba ya Saadia wangu, alikwenda Wajir kununua ngamia akapata mke badala ya ngamia, mpaka leo hajarudi. Kwa hiyo Bishar alipokuja na simu yake kubwa akaniita habaryar, yaani mama mdogo, akasema, "Kuna kazi ya kuingia dukani na kutoka," sikuuliza maswali mengi. Kazi yenyewe ni kujifanya mteja. Unaingia, unauliza bidhaa, unaangalia kama mhudumu amekusalimia vizuri, kama duka ni safi, halafu unatoka na Bishar anakusomea maswali kwenye simu unajibu ndiyo au hapana, maana mimi shule niliacha darasa la tano na maandishi madogo yananichokesha. Mhudumu hatakiwi kujua. Wenyewe wanaita mteja wa siri.

Sasa kabla sijafika dukani lazima ujue jambo moja, kwa sababu ndilo lililokaribia kuniua. Saadia alikuwa ameshapata mchumba, mwalimu mpole wa watu wazuri, na wazee wa upande wao walikuwa waje kwangu Ijumaa kumposa rasmi. Nyuma ya wazee hao kuna mwanamke anaitwa Eedo Sahara, shangazi wa kijana (eedo kwetu ndiye shangazi), ambaye akisema hapana, wazee kumi hawasemi ndiyo. Alishakuja nyumbani mara moja, akainua vikombe vyangu kimoja kimoja akaviangalia chini kana kwamba ananunua ngamia anatazama nyayo. Nilikuwa nikimwota usiku. Mimi nilishaachwa na kusemwa, sijali tena, lakini nilitaka mwanangu aingie nyumba ya watu bila doa.

Basi Jumanne Kevo, ambaye ndiye anayegawa kazi hizo kutoka Nairobi, akanitumia maagizo kwa sauti, kwa vile Bishar alimwambia mimi si mtu wa kusoma. Duka ni lile jipya la friji na tivi. Nikavaa nikabu ya kufunika uso (kwa kawaida sivai, lakini nilisema sitaki kujulikana, na hapo ndipo ujanja wangu ulipoanzia na kuishia), nikaingia wakati wa Adhuhuri wanaume wakiwa wameenda msikitini. Humo ndani mlikuwa na wanawake wanne watano wakingoja, na mhudumu, msichana mrefu anaitwa Nasteho. Akanisalimia vizuri, akaniuliza shida yangu.

Nikamwambia kama nilivyoagizwa, "Nataka friji. Ya harusi ya binti yangu, huko Elwak, Alhamisi."

Nasteho akanitazama muda mrefu kidogo. "Elwak," akasema. "Alhamisi."

"Alhamisi, inshallah."

"Karibu sana, eedo. Kaa hapa kwenye feni."

Maagizo ya Kevo yalisema usikae, uliza waranti, toka. Lakini jua la Garissa unalijua, na feni ilikuwa ya bure, na Nasteho alikuwa ameleta chai ya maziwa. Nikakaa. Hilo tu ndilo kosa langu la kwanza, mengine yote yalizaliwa na kile kiti.

Sijamaliza nusu ya kikombe, akaingia mama mmoja mnene wa jilbab ya kahawia, anahema, akaenda moja kwa moja mpaka mezani akasema, kwa sauti ya mtu aliyekariri, "Nataka friji. Ya harusi ya binti yangu, huko Elwak, Alhamisi."

Chai ilinipalia. Nilidhani Mungu ameniletea mtu wa Elwak wa kweli ili aniumbue. Na kwetu hapa huwezi kukutana na mtu wa mji wako ukamwachia salamu tu ikaisha, lazima muulizane wewe ni wa nani, babu yako nani, mpaka mfike kwa mtu mnayemjua nyote wawili. Mimi Elwak, mji wa mbali kule mpakani, sijafika hata siku moja. Ninachokijua ni malori ya ng'ombe yanayotoka huko.

Nasteho akauma mdomo, akasema, "Basi eedo, umepata mwenzako. Huyu hapa naye ni wa Elwak."

Huyo mama (jina lake Mumina, nilikuja kulijua baadaye) akageuka akaniona, na hata nikiwa ndani ya nikabu nilijua tunaogopana sawasawa, ila sikujua kwa nini yeye aogope.

Bibi mmoja aliyeleta birika bovu la umeme litengenezwe akaweka birika chini. "Elwak mji ule," akasema, "harusi mbili Alhamisi moja, na nyinyi hamjuani?"

Ningesimama nikasema nimesahau kitu nje, hadithi ingeishia hapo. Badala yake mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Tunajuana sana. Ni harusi moja. Huyu ni mama wa bwana harusi."

"Mbona amesema binti yake?"

Mumina hakusita. "Binti wa mwenzangu si binti yangu?"

Jibu lilikuwa zuri kiasi kwamba hata mimi nilimwamini. Nikawa najiuliza mama wa watu anaubebea nini uongo wangu.

"Na friji mbili nyumba moja?" akauliza mwingine.

"Moja ya nyama, moja ya maziwa," nikasema.

"Mashallah," wakasema, "hao ndio watu wanaojua kuoza binti."

Ningejua wanawake wa Garissa ni wapenda harusi kiasi gani ningesema nimekuja kwa msiba. Kwanza kigelegele kimoja. Halafu bibi wa birika akavuta katoni tupu ya tivi akaanza kuipiga kama ngoma, na sauti yake, wallahi, bibi yule ana sauti, akaanza buraanbur, zile nyimbo zetu za wanawake za kuwasifu watu wa pande mbili za harusi. Wengine wakapiga makofi. Na katika buraanbur mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi hawakai, wanaitwa katikati, na ukikataa umewatukana wote. Mumina akanitazama, mimi nikamtazama, tukaingia katikati, kati ya friji na mashine za kufulia.

Nitasema ukweli, nilicheza vizuri. Nilikuwa sijacheza tangu Farah aende Wajir. Mumina naye, na unene ule, alikuwa anaruka kama msichana. Joto likanizidi, nikaitupa nikabu nyuma bila kufikiri, ikaanguka sakafuni, nikaendelea.

"Jina la bibi harusi nimsifu," bibi akaimba.

Ukiulizwa jina la binti ukiwa unahema, unataja binti uliyenaye. Nikasema, "Saadia."

"Na bwana harusi?"

Mumina akaangalia dari, akaangalia feni. "Bishar," akasema.

Nikamkumbuka mtoto wa dada yangu, lakini nikajiambia akina Bishar ni wengi. Wimbo ukapanda, Saadia na Bishar, Saadia na Bishar, makofi, katoni, mpaka ikasikika sauti kutoka mlangoni, haikuwa kubwa lakini ilikata kila kitu kama kisu.

"Naa, Dahabo. Saadia gani anaolewa Alhamisi?"

Eedo Sahara. Alikuwa amekuja kutafuta waya wa pasi. Makofi yakaisha moja moja, bibi akabaki na mkono juu ya katoni.

"Ijumaa wazee wetu wanakuja kwako," akasema polepole, kila mtu akisikia. "Sukari imeshanunuliwa. Kumbe wewe Alhamisi unamwoza Elwak, kwa mtu anaitwa Bishar."

Wanawake wakanigeukia. Mmoja akanong'ona kwamba nachukua posa mbili. Mwingine akasema huenda ni jasusi, wenye maneno mawili hivi huwa majasusi. Nilimfikiria Saadia nyumbani, asubuhi nilimwacha anapiga pasi mapazia ya kijani kwa ajili ya Ijumaa, na nikaona nikisubiri hata dakika moja hiyo Ijumaa haipo tena. Kazi ya Kevo ilisema usijitaje hata ukitishwa. Nikasema moyoni, Kevo, mwanangu kwanza.

"Eedo Sahara," nikasema, "hakuna harusi Elwak. Mimi ni mteja wa uongo. Nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

Nikatoa simu kifuani, nikabonyeza ile sauti. Kevo akajaa dukani: "Niaje mathe. Skia, wewe unatoka Elwak, sawa? Unanunua friji ya harusi ya binti yako, Alhamisi. Uliza waranti, usikae, toka. Na usiambie mtu, hata wakikutisha, hii ni siri."

Kabla hajamaliza, nikasikia Kevo wa pili. Mumina alikuwa ametoa simu yake naye ameibonyeza, sauti ileile, maneno yaleyale, nyuma ya yangu kwa pumzi moja, kama mwangwi wa kisimani: niaje mathe, niaje mathe, siri, siri.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Abaayo, dada yangu," akasema Mumina akifuta jasho, "mimi nyumbani kwangu ni hapo nyuma ya soko la ng'ombe. Nilidhani wewe ndiye wa Elwak, nikasema leo nimekwisha."

"Aliyekuingiza ni nani?"

"Kijana mmoja anaitwa Bishar."

Hapo Nasteho alishindwa. Alikaa sakafuni akiegemea friji, akacheka mpaka machozi. "Eedo zangu," akasema, "nyinyi ni wa tano na wa sita tangu Jumamosi. Elwak yote inaoza mabinti Alhamisi. Jana alikuja mwalimu mmoja Mkamba, msalaba shingoni, naye ana binti anaolewa Elwak. Nilikuwa nangoja apatikane mmoja anunue kweli."

Wote wakaangua kicheko isipokuwa mmoja. Eedo Sahara aliingia ndani, akasimama mbele yangu. "Rudia," akasema. Nikabonyeza tena. Akasikiliza mpaka mwisho kama anasikiliza ushahidi mbele ya kadhi.

"Kwa hiyo Saadia yuko nyumbani."

"Anapiga pasi mapazia, wallahi."

"Na Bishar?"

"Ni mtoto wa dada yangu, na leo nikimpata hatataka kuoa tena."

Sijui kama umewahi kungoja mtu mmoja aseme neno moja na mwanao yumo ndani ya neno hilo. Kisha akainama, akaiokota nikabu yangu, akaikung'uta, akaniwekea mkononi.

"Nimesimama mlangoni tangu wimbo unaanza," akasema. "Mwaka jana tulimwoza kijana wetu mwingine, mama wa bibi harusi akakaa kitini anashika mgongo, hakuinuka hata mara moja. Wewe kwa harusi ya uongo umetoa jasho hivi." Akageuka kwa Nasteho akamwomba waya wa pasi. Halafu bila kunitazama, "Ijumaa wazee hawapendi tangawizi nyingi kwenye chai."

Nilikaa kwenye kile kiti kilichoniponza nikalia, na Mumina akalia pamoja nami bila sababu yoyote, kwa ushirika tu.

Bishar nilimpata jioni. Akasema, "Habaryar, si mimi, ni Kevo alituma sauti moja kwa wote." Ndiyo maana nimewataja wote wawili. Yule Kevo, kukaa Nairobi na kudhani Elwak ni jina tu, kwamba unaweza kumtupa mtu huko na hakuna atakayemuuliza baba yake ni nani. Na Bishar, ambaye anajua vizuri kwamba watamuuliza, na akanyamaza. Bishar akanisomea maswali, na lile la mwisho lilikuwa, je, mhudumu aligundua kwamba wewe ni mteja wa siri? Nikasema hapana, alinihudumia vizuri na chai alinipa. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa mwisho katika kazi hiyo, na kazi yenyewe niliiacha palepale. Sitasema tena mwanangu anaolewa mpaka niwe naona sufuria ya pilau kwa macho yangu.

Wazee walikuja Ijumaa, chai haikuwa na tangawizi. Harusi ilipofika Mumina alialikwa, wanawake wakamwita mama wa bwana harusi wa Elwak, na bibi wa birika ndiye aliyeimba, safari hii na ngoma. Nilicheza, na Eedo Sahara alicheza mbele yangu bila kushika mgongo.

Friji ya Saadia tulinunua kwa Nasteho. Alichukua kalamu akaniuliza, uso mkavu kabisa, friji hii inapelekwa wapi. Nikamwambia hapa hapa Garissa, nyumba mpya ya Saadia, mlango wenye mapazia ya kijani aliyohama nayo. Akaandika, na nikapumua, maana kila neno lilikuwa la kweli.