Kadzo Alipokataa Kipaimara

Siku yangu ya kwanza kama mlezi wa vijana kanisani Ukunda, Mchungaji alinipeleka nyuma ya jengo, akanionyesha vijana waliokuwa kwenye benchi wakichezea simu, akasema hao ndio kazi yangu. Mimi nilikuwa nimetoka Mackinnon Road, nimezoea watoto wa wafugaji wanaomsikiliza mtu mzima mpaka amalize. Hawa wazazi wao walikuwa wamekuja kutoka bara kufanya kazi za hoteli. Waliniuliza kwa Sheng kama nitakaa au nitaondoka kama waliotangulia. Nikawajibu nitakaa, ingawa sikuwa na hakika.

Mlezi si mhubiri. Mhubiri husema, akashuka, akaenda zake, mlezi hubaki. Tulipokwenda mafungo, yaani siku za kujitenga kwa maombi na mafundisho, nilijifunza kumngoja yule kijana asiyesema neno mpaka aje kuosha sufuria pamoja nami, maana hapo ndipo angefungua moyo. Na kwa kuwa msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara, Mchungaji aliagiza ngoma zetu zinyamaze adhana inapoanza. Vijana hawakuhitaji kukumbushwa.

Kisha nikahamishiwa Ramisi, kwa watoto wa wakata miwa. Huko nilifundisha darasa la kipaimara, ibada ambayo kijana aliyebatizwa utotoni husimama mbele ya askofu na kuikiri imani kwa kinywa chake mwenyewe. Katika darasa hilo alikuwemo Kadzo, binti wa Mzee wa Kanisa. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uleule. Alipokuwa mgonjwa, kanisa zima tulimwombea, na tulimwahidi Kadzo kwamba mama yake atapona.

Wiki ya kuja kwa askofu, Kadzo alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, mimi Jumapili sitasimama," akasema. "Askofu ataniuliza kama namwamini Mungu. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimedanganya kanisani."

Kasisi wa Ramisi aliniita ofisini. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, na jamaa zao wa Kinango walikuwa wanajiandaa kuja.

"Mwambie ayaseme tu hayo maneno," Kasisi akasema. "Imani itafuata."

"Maneno hayo ndiyo kazi yangu yote, Kasisi. Nikimfundisha kuyasema bure, sina kingine cha kumfundisha."

Nilitoka pale bila kukubali. Niliogopa kwamba namsukuma mtoto nje ya kanisa kwa jina la ukweli.

Jumapili Kadzo alikaa kando yangu amevaa nguo zake za kila siku. Wenzake walipoitwa mbele, alinishika mkono mpaka ibada ikaisha. Baba yake alitupita mlangoni bila salamu, na haukupita muda nikarudishwa Mackinnon Road. Hakuna aliyeniambia kwamba ni adhabu. Huko nililea vijana mpaka nikastaafu, na Kadzo nikawa nampigia simu. Habari za imani sikumuuliza. Nilimuuliza kama amekula, kama masomo yanakwenda.

Kustaafu hakujanituliza. Walezi wapya huja nyumbani kwangu, hapa Msambweni, kuniuliza mbinu za kazi, nami huinuka na kukaa, nikaanza sentensi nisiimalize. Wako niliowafundisha waliomjibu askofu bila kukosea, na leo hawakanyagi kanisani. Kadzo naye, ambaye sasa ni muuguzi, hajapata kipaimara hata leo. Sijui yupi niliyemlea vizuri.

Mwaka jana alinipigia simu, akanieleza kwamba baba yake amelazwa na ananiita. Nikaenda. Mzee alikuwa amedhoofika sana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba aombewe. Nilipoinamisha kichwa nianze, aliinua mkono kunizuia.

"Mwanangu na aombe," akasema.

Kadzo alishika chuma cha kitanda. Nilitaka kumwokoa, nikajizuia.

"Mungu," akasema hatimaye, "mimi bado nina hasira nawe kwa sababu ya mama. Lakini baba anaumia, na sina kwingine pa kumpeleka."

Akashindwa kuendelea. Mzee akafumba macho, akasema amina.