Kipande Chekundu cha Duara

Mafundi wenzake wa mtaa ule wa maduka madogo walimwita Mzee wa Linki, naye alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea cheo. Kazi yake ilikuwa kuchonga funguo. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la viatu na duka la picha za pasipoti, chembamba kiasi kwamba akiingia yeye, hewa hutoka. Ukimpa ufunguo uliochakaa, aliuinua mara moja kwenye mwanga, akakwambia ni jino gani limelika na limelika kiasi gani, na hakukosea hata kwa unene wa unywele. Lakini ukimsifu kwa hilo alikuwa kama hakusikii. Alichotaka kusifiwa ni simu yake.

Kila jambo chini ya jua lina tovuti yake, alisema, na kama huijui ni kwa sababu hujaitafuta. Ipo ya kukumbusha siku za kuzaliwa. Ipo ya kupanga mlo wa juma zima. Ipo moja ambayo ukiipigia mluzi wimbo usioukumbuka jina, inakutajia. Mteja aliyekuja kuchongesha ufunguo wa kabati aliondoka na ufunguo wake, na linki ambazo hakuziomba.

"Nimeshakutumia," alimwambia, huku akipangusa vumbi la shaba kwenye kioo cha simu. "Ifungue ukifika nyumbani. Utanikumbuka."

Nyumbani kwake hawakuwa na shida ya kumkumbuka. Mkewe aligawa dawa kwenye zahanati. Kutwa alikaa nyuma ya kidirisha akiwaeleza watu kwamba kimoja asubuhi maana yake ni kimoja asubuhi, si viwili jioni kufidia, na akirudi alitaka vitu viwili tu: kuvua viatu, na kutoelezwa chochote. Alipokelewa na maelezo. Siku moja alimkuta mumewe amepima ukuta wa jikoni kwa simu, futi ya chuma ikiwa mfukoni mwake, na rafu iliyozaliwa na kipimo hicho ikawa ndefu hata mlango wa jikoni haukufunguka tena wote. Tangu hapo familia nzima iliingia jikoni kwa ubavu.

"Simu haikukosea," alisema. "Ukuta ndio haujanyooka."

"Basi utumie linki," mkewe akasema.

Katika tovuti zote hizo, iliyomkaa moyoni ilikuwa ya kupiga kura. Unaandika swali, unaweka majibu, unabonyeza *tuma kwa familia yote*, kila mtu anachagua kwa siri, na tovuti inachora duara. Ndiyo ni bluu, hapana ni nyekundu. Ukitaka idadi ya kura unalipia. Yeye hakulipia, kwa hiyo aliona rangi tu, na rangi zilimtosha. Mtu yeyote wa familia aliweza kuuliza swali. "Penye wengi hapaharibiki neno," alipenda kusema, akiwa ameinua simu kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Walipiga kura kuhusu rangi ya jikoni. Walipiga kura kuhusu paka. Binti mkubwa, aliyekuwa akisomea uhasibu chuoni, alipiga kura yake bila kuinua macho kwenye vitabu. Kitindamimba, aliyekuwa bado shule ya msingi, alipiga yake kwenye simu ya zamani ya mama yake yenye kioo kilichopasuka, na kwanza alifikiri sana, kidole kikiwa mdomoni.

Siku ya kwanza, kwa furaha ya mwanzo, alimwandikisha hata mama yake. Mama huyo aliishi peke yake upande mwingine wa mji, kwenye vyumba viwili vyenye maua yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi. Hadi kustaafu alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, akiunganisha wodi na wodi, daktari na mkewe, na wakati mwingine daktari na asiye mkewe. Kura ya rangi ya jikoni hakuipiga. Alisema jikoni si lake. Mwanawe alicheka, na baada ya muda akasahau kwamba jina la mama yake lilikuwa mle.

Kisha mama akateleza mlangoni mwa bafu, akateguka kifundo cha mkono.

Mzee wa Linki alipata habari akiwa kibandani, ufunguo ukiwa umebanwa kwenye mashine. Kabla jino la pili halijachongwa alikuwa ameshaamua: mama atahamia kwake. Atalala chumba kidogo cha kitindamimba. Uamuzi ulikuwa mwepesi. Kilichokuwa kizito ni kuufikisha kwa mkewe, kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo, mkewe alikuwa amechoka, na yeye alikuwa mmoja wa wale wanaume ambao maneno mazito huwakaukia kooni yakabaki mavumbi. Wengine wa aina hiyo hunywa kidogo ndipo waseme. Yeye alitoa simu. *Bibi ahamie kwetu? Ndiyo. Hapana.* Tuma kwa familia yote. Akapumua kama mtu aliyetua mzigo, akarudi kwenye jino la pili.

Jioni duara lilikuwa limekamilika. Lilikuwa bluu, bluu nzuri ya kutuliza roho, ila upande mmoja palikuwa na kipande chekundu kama kipande cha tikiti.

Hakutazama zaidi ya hapo. Jicho lililoona kasoro ya unene wa unywele liliona wekundu tu, likafumba.

Walipokaa kula, alisubiri kila mtu ashibe kidogo. "Kuna mtu humu ndani hamtaki mama yangu," akasema.

"Nani kasema?" mkewe akauliza.

"Duara limesema."

"Lakini Baba," binti mkubwa akasema, "si ulituambia ni siri?"

"Ni siri. Siulizi ni nani. Nasema tu kwamba yupo."

"Wewe uliuliza swali, umetutoa wewe tumebaki watatu. Siri ya watu watatu mezani ni siri gani?"

Mkewe aliweka kijiko chini taratibu. "Mimi nilibonyeza ndiyo, foleni ikiwa imefika barabarani. Ila nami nikuulize, baba watoto. Tunalala kitanda kimoja. Jambo la mama yako kuja kuishi hapa nije kulisomea dirishani, kati ya dawa ya kikohozi na dawa ya minyoo?"

"Nilitaka kila mtu awe huru kusema."

"Huru kutoka kwa nani? Kwangu?"

Alichosikia Mzee wa Linki katika maneno yale si maumivu ya mke aliyerukwa. Alisikia kipande chekundu kikijitetea. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, na methali ikikuingia kichwani kwa wakati mbaya, huwezi kuitoa hata kwa koleo.

Siku zilizofuata nyumba iligeuka chumba cha mahojiano kisicho na maswali. Mkewe alifua mapazia ya chumba kidogo, na yeye akasimama mlangoni akichunguza anavyoyakamua. Aliona yanakamuliwa kwa hasira. Mapazia yote hukamuliwa hivyo, lakini hakuwahi kufua pazia. Alimkuta kitindamimba akibeba nguo zake kwenda chumba cha dada yake.

"Unahama?"

"Si Bibi anakuja?"

"Na umefurahi?"

"Nimefurahi. Ila Bibi anakoroma."

Akaondoka na neno hilo kama polisi aliyeokota kisu. Usiku akalipima, mchana akamwonea huruma mtoto, jioni akamshuku tena. Mambo yakafika mahali ambapo ukicheka sebuleni anatokeza kuona unacheka nini. Na kilichomkera zaidi ni kwamba walikuwa wakimtendea vizuri. Walimwekea chakula, walimwitikia, walimwachia kiti chake. Wema ule aliusoma wote kama ushahidi.

Mwishowe binti mkubwa akachoka. Alikuwa chumba cha pili, lakini hakuja. Alituma swali kwa njia ambayo baba yake angeisikia. *Baba aache kutuchunguza? Ndiyo. Hapana.*

Mzee wa Linki alilipata akiwa kibandani asubuhi iliyofuata. Alibonyeza hapana kwa nguvu kuliko simu ilivyohitaji. Mchana akafungua kuona matokeo. Duara lilikuwa bluu tupu, isipokuwa kipande kimoja chekundu, na hicho safari hii alikijua ni cha nani. Kilikuwa chake. Akakitazama kwa ule uchungu wa mtu aliyeshindwa kihalali, na kwa kuwa kilikuwa chake, alikitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama ufunguo.

Hakikuwa robo.

Robo ya duara ina kona kama ya meza. Kona hiyo mkono wake ungeichora gizani. Hiki kilikuwa chembamba. Akafungua lile duara la kwanza, akaweka jicho. Kipande kile kile, kona ile ile nyembamba. Nyumbani walikuwa wanne. Duara lilikuwa limekatwa na watu watano. Akaanza kuwaza wa tano huyo anaweza kuwa nani, na hakufika mbali, kwa sababu jina lenyewe alilichapa yeye kwa kidole chake.

Akafunga kibanda, ufunguo wa mtu ukiwa bado kwenye mashine.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono ukiwa na bandeji, mwingine ukichambua mchele kwenye sinia. Aliitika hodi bila kugeuka.

"Karibu. Umekuja mwenyewe, au umetuma linki ya uso wako?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Usikalie redio."

Akakaa. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakakauka, yakabaki yale yasiyopangwa. "Mama, ile nyekundu ni wewe."

"Ni mimi. Na jana nimebonyeza bluu. Unawasumbua watoto, mwanangu. Wale ni watoto wazuri."

"Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie nini tena? Uliniuliza kwa njia ile, nikakujibu kwa njia ile. Kazini kwetu ukiitwa kwa waya huu huitikii kwa waya ule. Utaunganisha wodi ya wazazi na mochwari." Akatupa jiwe dogo la mchele nje ya mlango. "Ila nikwambie ukweli, nilifurahi. Huyu jirani yangu, kabla hajaletwa hapa, mwanawe alikuja na pikapu, akapakia kitanda chake, ndipo akamwambia anahama. Akampakia kabla ya kumwambia. Mimi nikaona simu inalia: Bibi ahamie kwetu? Nikasema, kumbe nilizaa mtu. Amenifanya mtu mzima, ameniuliza. Nilimwonyesha jirani. Ameisoma kwa miwani."

Mzee wa Linki alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, mfupi, tayari: swali halikuwa lako, Mama; nilikuwa nawauliza wengine kuhusu wewe, jina lako lilipita kwa bahati mbaya. Akaona mkono ule mzima ukiendelea kuchambua, bila haraka, mkono wa mtu aliyeheshimiwa, akaufunga mdomo.

"Nilitaka kujua unavyoona," akasema.

"Basi umeshajua. Siji." Alisema bila ukali. "Hapa nikianguka jirani anasikia. Kwenu nikianguka mtakuwa mnapiga kura."

Na kwa kuwa alikuwa amemwuliza, ilimbidi akubali. Mtu asiyeulizwa unaweza kumbembeleza, ukamzidi nguvu kwa upendo, ukapakia kitanda. Aliyeulizwa akajibu, umefungwa. Alikuja kumchukua mama yake, na uongo mmoja mdogo wa adabu ukawa umemnyang'anya. Aliomba tu ufunguo wa mlango, achonge mwingine apewe jirani, asije akasikia kishindo akashindwa kuingia. Mama aliufungua kutoka kwenye kanga, akampa.

Jioni alimweleza mkewe. Alianza mara tatu. Alimweleza jikoni, kwa mdomo, hadi sehemu ya uongo, na kwa kuwa hakuwa amezoea, ilichukua muda mrefu na viazi vikaungua kidogo. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani wiki nzima umeniangalia mimi hivyo," akasema, "na mama yako ndiye."

"Ndiyo."

"Na watoto."

"Ndiyo."

"Kawaambie kwa mdomo huo huo." Akageuza viazi. "Halafu urudi. Mimi bado sijaanza."

Jumapili alirudi kwa mama yake na ufunguo mpya, akagonga kwa jirani. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo ya mama yake, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliupokea ufunguo, akaufunga kwenye kona ya kitambaa chake, kisha akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe ndiye wewe uliyemwuliza mama yako," akasema. "Tumesikia hapa wote. Wa kwangu mimi hakuniuliza, na sasa anataka kunihamisha tena. Hiyo kitu inaitwaje? Nitumie, nami nimtumie yeye. Labda akiiona atajua mtu mzima huulizwa."

Masikio yake yaliwaka. Alitoa simu, akaitafuta, akaomba namba yake, akaituma. Simu ya yule mwanamke ikalia mfukoni, naye akaivaa miwani kuitazama.

"Mwambie kuna mahali pa kuchagua nani apelekewe," Mzee wa Linki akasema. "Hapo asiharakishe."

"Kwa nini?"

"Asiharakishe tu, Mama."